Fundi akija kupima tu, alipwe au asilipwe?

Leo nataka tuongee jambo linalotutesa mafundi, na najua wateja nao wana lao.

Mimi ni fundi umeme wa mjini. Nimeitwa Kendwa kwenye nyumba ya wageni, wanataka kuweka jenereta. Kutoka Mjini mpaka kule ni kama kilomita 60. Nikapanda daladala ya Nungwi, nikashuka njia panda, nikamalizia kwa mguu.

Nikazunguka chumba kwa chumba nahesabu taa, feni, mafriji na pampu ya kisima. Hapo si kujumlisha wati tu jamani. Pampu ikianza kuzunguka, kwa muda mfupi huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Usipolitia hilo kwenye hesabu, jenereta inaelemewa. Nikaandika yote: ukubwa wa jenereta, unene wa waya, swichi, bei. Mwenyewe akasema, "Ahsante fundi, nitakupigia." Wiki mbili baadaye nasikia kazi kapewa mwengine kwa bei pungufu kidogo, na karatasi anayofuata ni yangu!

Nani mwenye makosa? Hatukukubaliana malipo, kwa hiyo simdai. Na mteja ana haki ya kuuliza mafundi watatu kabla hajachagua. Bibi anayetaka kubadilisha makuti ya banda lake, akidaiwa na kila fundi anayekuja kutazama, si atabaki anavujiwa? Tena wapo wenzetu wangegeuza kupima ndiyo kazi yenyewe.

Lakini bure haipo. Nauli na siku yangu iliyopotea nitaitia kwenye bei ya mteja anayefuata. Yaani mwaminifu anamlipia mjanja.

Mimi naona tutenganishe. Kutazama na kutaja bei ya jumla kwa mdomo iwe bure, ila kama ni mbali nauli iwe juu yako. Orodha ya vifaa na vipimo kwa maandishi, hiyo ni kazi, ilipwe, kama wakadiriaji majenzi wanavyolipwa kwa hesabu zao. Ukinipa kazi, pesa hiyo naikata kwenye ufundi. Na yote yasemwe kwenye simu kabla sijapanda gari, si nikishafika ndiyo naanza kudai. Hutaki kulipa? Hamna ugomvi, karatasi inabaki mfukoni mwangu.

Wadau mnasemaje? Wateja na nyinyi semeni, msituachie mafundi peke yetu.