Kompyuta Husaidia Kuzuia Ajali kwenye Taa za Barabarani

Wengi wetu huenda mjini. Tunakwenda kuuza mazao, kuwaona ndugu, au kumpeleka mgonjwa hospitali. Huko tunakuta njia panda zenye taa. Taa nyekundu inamwambia dereva: Simama. Ya manjano inamwambia: Jiandae kusimama. Ya kijani inamwambia: Pita, lakini tazama.

Je, taa zikiwekwa ajali zinakwisha? Hapana. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu kama 1,190,000 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ni watu kama mimi na wewe.

Sasa, mtaalamu atajuaje kwamba njia panda fulani ni ya hatari? Njia ya zamani ni kuhesabu ajali. Lakini njia hiyo ina ubaya wake. Ili upate hesabu, lazima watu waumie kwanza. Ni sawa na kungoja fisi ale mbuzi wako ndipo ujenge zizi.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa kampuni ya General Motors ya Marekani, Perkins na Harris, walieleza njia nyingine. Walisema tuhesabu pia mara ambazo dereva anafunga breki ghafla au anakwepa ili asigonge. Sisi husema, "Leo nimeponea chupuchupu!" Matukio ya chupuchupu ni mengi kuliko ajali. Kwa hiyo yanatuonya mapema.

Siku hizi kazi hii hufanywa pia kwa kompyuta. Kwanza wataalamu huenda barabarani. Huhesabu magari yanayopita na yanayokata kona. Hupima mwendo wake. Huandika kila taa inawaka kwa sekunde ngapi. Halafu huingiza hesabu hizo katika kompyuta. Kompyuta nayo inaigiza njia panda ile. Magari madogo ya picha yanatembea, yanasimama na kukata kona.

Mwaka 2008 idara ya barabara kuu ya Marekani ilitoa programu ya kuhesabu matukio ya chupuchupu katika maigizo hayo. Kwa kawaida inahesabu magari mawili ambayo, yakiendelea vilevile, yatagongana kabla ya sekunde moja na nusu kwisha. Gari la mwendo wa kilometa 50 kwa saa huenda mita 14 hivi kwa sekunde moja. Kwa sekunde moja na nusu litakwenda mita 21. Hizo ni kama hatua 30 za mtu mzima. Muda huo ni mdogo sana!

Faida yake ni nini? Mtaalamu anaweza kubadili muda wa taa ndani ya kompyuta, akaona matokeo. Akikosea, hafi mtu.

Hebu tupige hesabu. Barabara ina upana wa mita 12. Kijana anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Atavuka kwa sekunde 10. Bibi anatembea mita 0.8 kwa sekunde. Yeye anahitaji sekunde 15. Taa ikimpa sekunde 10 tu, magari yataruhusiwa huku bado ana mita 4 mbele yake. Hesabu hii ifanywe kabla bibi hajagongwa.

Lakini kompyuta si mganga. Inajua yale tu iliyoambiwa. Isipoambiwa kwamba wako madereva wanaopita taa nyekundu, au bodaboda wanaojipenyeza kati ya magari, itaonyesha usalama usiokuwepo. Ndiyo maana wataalamu wanapaswa kurudi barabarani na kulinganisha. Mama anayeuza ndizi pale kila siku anaweza kuwaambia mengi.

Basi ndugu, ukifika kwenye taa usitegemee rangi peke yake. Hakikisha magari yamesimama, ndipo uvuke. Na mkiona matukio ya chupuchupu mahali pamoja kila mara, waambieni viongozi na askari wa trafiki. Msingoje maiti.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini si vizuri kungoja ajali ndipo tuhesabu?
2. Barabara ina upana wa mita 16. Bibi yule atavuka kwa sekunde ngapi?
3. Ni mahali gani karibu nanyi watu huponea chupuchupu? Mtafanya nini?