Picha ya bibi kwenye kioo: Zawadi nzuri, lakini linda kwanza picha yenyewe

Zipo familia Mazwi, mjini Sumbawanga, ambazo picha ya bibi aliyefariki ni moja tu. Pengine ni ya paspoti, iliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho. Pengine ni ya harusi ya mtoto wake, bibi amesimama pembeni na nusu ya uso iko kivulini. Ikipotea hiyo, wajukuu wadogo hawatakuwa na sura ya kumkumbuka.

Ndiyo maana zawadi ya picha iliyochorwa kwenye kioo kwa leza inawagusa wazazi, iwe ni siku ya kipaimara, mahafali au kumbukumbu ya mwaka tangu msiba. Mchoro huo haupauki kwa jua kama karatasi, hauliwi na mchwa wala hauharibiwi na unyevu wa masika. Lakini kioo huvunjika. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kutafuta fundi, ni kuhakikisha picha yenyewe iko salama.

Usimwachie mtu picha pekee

Mzazi mwenye picha moja ya karatasi asiiache dukani. Aipige upya kwa simu, mchana, karibu na dirisha lakini si juani, simu ikiwa sambamba na picha na bila kuwasha taa yake. Nakala zihifadhiwe sehemu zaidi ya moja: kwenye simu ya ndugu mwingine, kwenye barua pepe au kwenye flashi.

Wakati wa kumtumia fundi kwa WhatsApp, ni bora itumwe kama faili au dokyumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na mikunjo ya uso au tabasamu ambalo familia inalitaka hufifia.

Leza hufanyaje kazi?

Mashine inayotumika sana kuchora juu ya kioo ni ya leza ya kaboni dayoksaidi, aina iliyovumbuliwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara za Bell Labs, Marekani. Haitumii wino. Mwale wake hupasha joto eneo dogo sana la kioo, likatokea vijiufa ambavyo kimoja kimoja havionekani kwa macho. Nukta za namna hiyo zikiwa nyingi, sehemu hiyo huwa nyeupe kama kioo chenye ukungu. Pasipoguswa hubaki angavu.

Maana yake, leza kwenye kioo hutoa weupe, si weusi. Kioo kikiwekwa mbele ya kitu cheusi, fundi anatakiwa kuigeuza picha kwenye kompyuta kabla ya kuanza, ili mwale upige sehemu zenye mwanga. Asipofanya hivyo, mvi za bibi zitatoka nyeusi na uso wake mweupe, kama negativu za zamani.

Uso mweusi uliopigwa picha gizani nao hupotea, kwa kuwa hakuna mwanga wa kuchora. Picha nzuri kwa kazi hii ni ile ambayo mwanga umeangukia shavu na paji la uso, na nyuma hakuna vitu vingi. Mzazi aombe kuiona kwenye skrini kwanza, kisha aombe jaribio kwenye kipande cha kioo cha kawaida. Majina na tarehe vikaguliwe na watu wawili, kwa sababu kilichochorwa hakifutiki.

Kama mashine haipo karibu na kazi inapelekwa Mbeya au Dar es Salaam, makubaliano yafanyike mapema: nani atalipia kioo kikivunjika kwenye basi? Kifungwe kwa nguo au sponji pande zote, kiwekwe ndani ya boksi gumu, na boksi lenyewe lisiwe na nafasi ya kuchezacheza.

Glasi ya chai, hapana

Wengine huomba picha ichorwe kwenye glasi ya kunywea. Hapo panahitaji tahadhari. Vijiufa vya leza vinaweza kuidhoofisha glasi, na asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za juu za Ufipa ni za baridi kali. Chai ya moto ikimiminwa kwenye glasi iliyolala kwenye baridi, inaweza kupasuka mkononi mwa mtoto. Glasi ya picha ikae kabatini, au itumike kwa kinywaji kisicho cha moto baada ya kuoshwa vizuri. Mchoro uwe mbali na mdomo wa glasi.

Kioo cha mezani kiwekwe mahali ambapo mtoto mdogo hafikii. Kikivunjika na kipande kikazama mwilini, kisichomolewe nyumbani. Bana pembeni mwa jeraha kwa kitambaa safi kuzuia damu, kisha nenda kituo cha afya.

Dukani pia, mtoto asiinamie mashine kuangalia. Mwale wa leza hii hauonekani, lakini unaweza kuunguza ngozi na sehemu ya mbele ya jicho. Mfuniko ufungwe muda wote wa kazi.

Picha ya mtoto ni siri yake

Kazi ikiisha, picha hubaki kwenye kompyuta ya fundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mzazi ana kila sababu ya kuomba picha ifutwe na isitumike kutangaza biashara mtandaoni, hasa ikiwa ya mtoto yenye jina kamili na tarehe ya kuzaliwa.

Zawadi kwa aliyefiwa

Kwa mtoto aliyempoteza mzazi au bibi, zawadi hii isitolewe kwa kumshtukiza mbele ya wageni. Aulizwe kwanza kama anaitaka, ashiriki kuchagua picha, na aamue ikae wapi. Akilia, asiambiwe anyamaze. Akisema hayuko tayari, kioo kifungwe na kuwekwa hadi siku atakapokiulizia.

Watoto huhitaji kuambiwa ukweli kuhusu kifo kwa maneno wanayoyaelewa, na kuruhusiwa kumzungumzia aliyeondoka. Kioo hakiwezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Mjukuu akikitazama na kuuliza, "Bibi alikuwa anapenda nini?", awepo mtu mzima wa kukaa naye na kumjibu.