Jeni ya Insulini Haikukatwa kwa Mtu

Kwenye noti zinazozunguka tangu kidato cha sita, habari ya insulini inaisha kwa sentensi moja: jeni ya binadamu inakatwa, inabandikwa kwenye plasmidi, bakteria anatoa insulini. Ukijibu hivyo maksi unapata. Lakini muulize aliyejibu: inabandikwa wapi, na bakteria anajuaje pa kuanzia kusoma? Kimya. Na sisi wa ualimu ndio tunaokwenda kuzifundisha noti hizo.

Plasmidi ni duara dogo la DNA ambalo bakteria hulibeba mbali na kromosomu yake. Ile ya kuanzia kazi huwa tayari na sehemu ya kujinakili, ili bakteria akigawanyika watoto nao warithi, pamoja na jeni ya kuhimili antibiotiki, mfano ampisilini. Hii ni ya ukaguzi tu: waoteshe wote kwenye chakula chenye ampisilini, asiyebeba plasmidi haoti.

Mbele ya jeni yako unaweka promota, pale ambapo kimeng'enya cha kutengeneza RNA kinashika. Iwe promota ambayo bakteria anaitambua. Ya binadamu kwake ni herufi tu. Inafuata sehemu fupi ya kushikwa na ribosomu, kisha ATG ya kuanzia, na mwisho kabisa kodoni ya kusimama. Promota nzuri ina swichi. Ile ya lac hutulia mpaka uongeze laktosi au kemikali inayofanana nayo. Kwa nini isiwake muda wote? Kwa sababu bakteria anayebebeshwa protini isiyomsaidia anakua kwa shida. Acha kwanza waongezeke, ndipo uwashe.

Sasa tatizo la zile noti. Jeni yetu ya insulini ina introni, vipande ambavyo seli zetu huviondoa kwenye RNA kabla ya kuisoma. Bakteria hana mkasi huo, angesoma vyote na kutoa kitu kisichoeleweka. Ndiyo maana mwaka 1978 watafiti wa Genentech na City of Hope, huko California, hawakukata jeni ya mtu yeyote. Waliiunda kwa kemia, wakianzia kwenye orodha ya asidi amino na kurudi nyuma hadi kwenye herufi za DNA. Njia hiyo ina faida nyingine: unachagua kodoni. Arjinini, kwa mfano, ina kodoni sita, na AGA na AGG ambazo kwetu ni za kawaida, E. coli huzitumia kwa nadra.

Kulikuwa na kikwazo kingine, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Mwaka 1977, kwenye kazi ya somatostatini, homoni ya asidi amino 14 tu, jaribio la kwanza halikutoa kitu. Protini fupi na ngeni bakteria huichanachana. Wakaamua kuificha mkiani mwa protini kubwa ya bakteria mwenyewe, beta-galaktosidasi, na katikati wakaweka methionini moja. Sianojeni bromidi hukata protini penye methionini. Insulini nayo, mnyororo A wenye asidi amino 21 na mnyororo B wenye 30, haina methionini hata moja! Kwa hiyo ile protini kubwa inakatwakatwa, insulini inabaki nzima.

Kuunganisha jeni mbili namna hiyo kunataka kuhesabu kwa tatutatu. Herufi moja ikizidi kwenye kiungo, kodoni zote zinazofuata zinasomeka vingine. Zoezi hilo linafanyika darasani kwa chaki tu, wala halihitaji maabara.

Minyororo ile miwili ilitengenezwa na bakteria tofauti, ikasafishwa, ikaunganishwa nje ya seli. Mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria iliruhusiwa Marekani. Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari walikuwa wakichomwa insulini iliyokamuliwa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe.