MKAMATAJI ASIWE HAKIMU

Tuanze na mfano. Mzee mmoja, tumwite Mzee Juma, anashitakiwa kwamba ng'ombe wake wamekula mahindi ya jirani. Mtendaji wa kijiji anatuma mgambo, Mzee Juma anakamatwa. Mzee anakana, anasema ng'ombe wale si wake. Mtendaji hasikii. "Una hatia. Lete shilingi elfu hamsini!" Mzee anauza mbuzi, analipa. Risiti hapewi.

Je, kosa liko wapi? Si risiti tu. Mtendaji huyu amekuwa mkamataji, mshitaki na hakimu, yote peke yake. Wazee walisema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Ndiyo maana Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 4, imegawa madaraka ya nchi mafungu matatu:

Bunge hutunga sheria na kuisimamia Serikali.

Serikali hutekeleza sheria. Humo wamo Rais, mawaziri, polisi, hata mtendaji wa kijiji.

Mahakama huamua nani ana haki na nani ana kosa. Ibara ya 107A inasema Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika kutoa haki.

Mafungu haya ni kama mafiga matatu. Figa moja halibebi chungu. Tena kila moja huangalia jingine. Bunge likipitisha muswada, hauwi sheria mpaka Rais akubali. Serikali ikitaka fedha za mwaka, lazima bajeti ipite Bungeni. Rais huteua majaji, lakini hawezi kumfukuza jaji kwa sababu tu hakupenda hukumu yake.

Lakini tusidhani kwamba yametengana kabisa. Kwetu waziri ni mbunge pia. Kule Marekani haiwezekani, waziri haruhusiwi kuwa mbunge.

Sasa turudi kijijini. Halmashauri ya Kijiji ikitaka sheria ndogo, huipeleka kwanza mbele ya mkutano wa wanakijiji, kisha Halmashauri ya Wilaya iikubali. Mtendaji hatungi sheria mfukoni mwake. Ugomvi wa shamba una Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na kati yao wanawake wasiopungua watatu. Kazi yake ni kusuluhisha, si kufunga watu.

Basi Mzee Juma angefanya nini? Angesema kwa heshima, "Bwana mtendaji, kosa hili nalikana. Nipeleke Mahakama ya Mwanzo." Huko angeleta mashahidi, na jirani naye angeleta wake. Labda angeshindwa, lakini angeshindwa kwa haki.

Maswali ya kuzungumza katika kisomo:
1. Sheria ndogo za kijiji chetu ni zipi? Nani amezisoma?
2. Tukilipa faini, tunadai risiti?