Nyani wa Mikumi, Mashamba ya Kilosa

Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na abiria wengi, kabla hawajaona tembo, huona nyani. Wamekaa kando ya lami wakisubiri ganda la ndizi litupwe dirishani. Likitupwa, halina mgawo. Dume kubwa hulichukua, wadogo husogea pembeni bila kuambiwa. Ndani ya basi hapakosi mtu wa kusema kwamba ndivyo dunia ilivyoumbwa: mwenye nguvu mpishe. Kutoka hapo hadi kwenye siasa ni hatua moja tu. Ujamaa ulishindwa kwa sababu binadamu ni mbinafsi, na mfumo wowote utakaokuja utazaa matajiri na maskini vilevile.

Hoja hiyo ni ya kupimwa, na nyani hao hao wa Mikumi ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Ramon Rhine wa Chuo Kikuu cha California alianzisha hapo utafiti wa muda mrefu, ambao Guy Norton aliuendeleza kwa miaka mingi. Katika makundi waliyoyaita Viramba, kila nyani alitambuliwa kwa sura na kuandikiwa kumbukumbu zake tangu kuzaliwa hadi kufa.

Wanachokijua watafiti wa nyani wa aina hii, hapa Mikumi na kule Amboseli nchini Kenya, ni kwamba ndani ya kundi moja kuna tabaka za namna mbili. Madume hupata cheo kwa meno. Dume akipevuka huhama kundi alilozaliwa, huenda kupigana ugenini, hutawala miezi au miaka michache, kisha hushushwa na kijana. Cheo chake hakimfikii mwanawe. Majike hubaki nyumbani, na cheo chao hurithiwa: binti huingia kwenye safu chini kidogo ya mama yake, juu ya majike wazima wanaomzidi umri na mwili. Na wala si urithi wa jina tu. Samuel Wasser, aliyefanya utafiti Mikumi, alieleza jinsi majike wanavyoungana kumshambulia mwenzao aliye tayari kupata mimba au aliyekwisha kuipata, na jinsi wanaosumbuliwa sana wanavyopata shida kuzaa.

Kwa hiyo abiria wetu ameona nusu tu. Ubabe wa dume aliyenyakua ganda la ndizi ni wa kelele lakini haudumu. Tofauti inayovuka vizazi iko kwa mama aliyekaa kimya chini ya mti akitolewa kupe.

Hata hivyo ubabe wenyewe haujachongwa kwenye jiwe. Katika miaka ya 1980, upande wa Masai Mara, kifua kikuu kutoka kwenye jalala la hoteli ya watalii kiliua karibu nusu ya madume wazima wa kundi alilokuwa akilifuatilia Robert Sapolsky. Waliokufa ndio waliokuwa wakali wa kutosha kwenda kugombania mabaki ya nyama. Waliobaki walikuwa wapole. Sapolsky na Lisa Share waliandika mwaka 2004 kwamba upole huo ulidumu hata baada ya madume wale kuondoka au kufa na nafasi zao kushikwa na wageni kutoka nje. Safu za vyeo zilikuwapo bado. Kilichopungua ni mateso ya walio chini, na hata miili yao haikuonyesha dalili za msongo zinazoonekana kwa nyani wa chini katika makundi mengine. Cheo ni kitu kimoja. Gharama ya kukosa cheo ni kitu kingine.

Kwa binadamu, Tanzania ina ushahidi wake. Kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, na baadhi yao bado wanategemea kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. (Wao si masalia ya zamani za kale. Ni raia wa leo, wenye majirani na watalii.) Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza mwaka 1982 kwamba usawa wao haujitunzi wenyewe. Nyama ya mnyama mkubwa ni ya kambi nzima. Vitu vya mtu binafsi huzunguka kwa mchezo wa kamari, hivyo aliyevipata jana huvipoteza leo. Asiyependa mwenzake huhama kambi. Na kila mwanamume ana upinde na mishale yenye sumu, kwa hiyo anayetaka kuwa bwana wa wenzake ana sababu nzuri ya kufikiria tena.

Maelezo hayo yananishawishi kuliko hadithi zote za wema wa asili. Tamaa ya kuwa juu ipo, ila imezungukwa na watu wenye uwezo wa kuikatalia. Christopher Boehm alijenga hoja ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1999: binadamu hupenda kutawala, na huchukia zaidi kutawaliwa. Misukumo yote miwili ni ya asili. Upi ushinde, asili haisemi.

Basi nini huamua? Mwaka 2009 Monique Borgerhoff Mulder, Samuel Bowles na wenzao walichapisha katika jarida la *Science* ulinganisho wa jamii 21 ndogo duniani, zikiwamo za Tanzania: Wahadzabe, Wapimbwe wa kusini-magharibi, Wadatoga na Wasangu. Walipima utajiri wa aina tatu: wa mwili na ujuzi, wa mahusiano, na wa mali. Kisha wakauliza ni kiasi gani mtoto hufuata nafasi ya mzazi. Kwa wawindaji na walima jembe la mkono urithi ulikuwa hafifu, na tofauti ndogo. Kwa kipimo cha Gini, ambapo 0 ni usawa kamili na 1 ni mmoja kumiliki vyote, walikuwa karibu na 0.25. Wafugaji na walimaji wa plau walipita 0.4. Nguvu za mkono haziachwi kwenye wosia, ng'ombe na shamba huachwa.

Mambo hayo yote yamebanana wilayani Kilosa. Wajerumani walipofikisha reli ya kati huko kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkonge uliifuata, na ardhi nzuri ya Kimamba na Rudewa ikawa ya mashamba makubwa. Mwaka 1964 hifadhi ya Mikumi ikatengwa kusini. Kati ya mkonge, hifadhi na milima ya Ukaguru, wakulima wa jembe la mkono na wafugaji wa tambarare ya Mkata wakabaki wakisukumana. Tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Ni rahisi kusema "wakulima na wafugaji hawapatani". Lakini Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walioandika uchunguzi wao mwaka 2009, walionyesha sera za ardhi, malisho yaliyopotea na rushwa za viongozi.

Ikiwa kinachoamua ni sera na mali inayorithiwa, hapa ndipo Ujamaa unapohitaji kusomwa upya. Azimio la Arusha la Februari 1967, lililoutangaza, halikuwa na mpango wa kugeuza mioyo ya watu. Miiko yake ya uongozi ililenga vitu vinavyorithiwa: kiongozi asiwe na hisa, asipangishe nyumba, asipokee mishahara miwili. Katika tathmini yake ya mwaka 1977, Rais Nyerere alieleza kwamba pengo la mishahara ya umma, baada ya kodi, lilikuwa limeshuka tangu uhuru kutoka takriban 50 kwa 1 hadi 9 kwa 1. Vijiji vya lazima na maduka matupu ni makosa makubwa, lakini ni makosa ya uzalishaji na ya nguvu za dola. Hayathibitishi kwamba usawa haukuwezekana.

Ni kweli cheo kilitafuta mlango mwingine. Issa Shivji aliandika mwaka 1976 juu ya tabaka la watawala waliomiliki maamuzi badala ya viwanda, na mtu aliyehitaji kibali cha bidhaa adimu hakuhitaji kitabu ili kumwelewa. Sasa lirudie swali la watafiti: kibali kinarithiwa? Kwa sheria hapana, kwa mahusiano kiasi, ila si kama shamba lenye hati. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko, na vilivyozuiwa vikaanza kurithishwa wazi.

Mwaka 2019 Amy Bogaard na wenzake waliongeza jambo ambalo Kilosa ingepaswa kulifuatilia. Kilimo chenyewe, walisema, hakileti pengo kubwa pale mkono wa kazi ukiwa ndio adimu. Pengo hupanuka ardhi inapokuwa ndiyo adimu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeleta hati za kimila, trekta za kukodi zinalima kwa siku moja heka ambazo familia ingezilima kwa wiki kadhaa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma inapita Kilosa. Serikali nayo imefuta hati za baadhi ya mashamba pori wilayani ili yagawiwe upya. Mwenye heka tatu na watoto sita atamwachia kila mmoja nusu heka, naye mtoto huyo atakwenda kukodi kwa msimu kutoka kwa yule ambaye baba yake aliwahi kuandikishwa kwenye mgawo.