Uchumi wakua, moshi wapungua: Uingereza imewezaje?

Tarehe 30 Septemba 2024, kituo cha umeme cha Ratcliffe-on-Soar kilizimwa. Kilikuwa cha mwisho Uingereza kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, kazi iliyoanza London mwaka 1882. Mwaka 2012 makaa yalikuwa bado yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo. Tangu 1990, hewa ya ukaa inayozalishwa ndani ya mipaka yake imepungua kwa takriban nusu, na pato la taifa limekua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Kwa muda mrefu wengi tuliamini kwamba nchi haitajiriki bila moshi. Walioulipia moshi huo walikuwa wananchi wa kawaida. Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa uliifunika London kwa siku tano. Hesabu za mwanzo zilitaja vifo 4,000. Watafiti wa baadaye wanasema huenda vilifika 12,000. Chembe za masizi ni ndogo kiasi cha kupenya mapafu na kuingia kwenye damu, na hapo moyo nao huumia.

Yaliyobadilika ni mambo mawili, na si vizuri kuyachanganya. La kwanza ni kiasi cha nishati kinachotumika kuzalisha mali. Ratcliffe ilikuwa na minara minane mikubwa ya kupoozea maji. Wingu jeupe lililotoka humo lilikuwa mvuke, yaani joto lililokosa kazi. Katika kila sehemu 100 za joto la makaa, zisizofika 40 ndizo zilizogeuka umeme. Mtambo wa upepo hauchemshi maji, hivyo hasara hiyo haipo kabisa. Ndivyo nchi inavyoweza kutumia nishati kidogo bila mtu kukaa gizani. Nyumbani ni hivyo hivyo: taa ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60.

La pili ni kiasi cha kaboni kilichomo kwenye nishati yenyewe. Kilo 12 za kaboni zikiungua hukamata kilo 32 za oksijeni na kutoa kilo 44 za hewa ya ukaa. Kwa umeme uleule, gesi asilia hutoa karibu nusu ya hewa inayotolewa na makaa. Serikali ilipopandisha gharama ya kuchafua hewa kuanzia 2013, makaa yakakosa faida, na gesi pamoja na upepo wa baharini vikachukua nafasi.

Hata hivyo, sehemu ya moshi huo ilihama tu. Televisheni iliyotengenezwa China ikauzwa Manchester, moshi wake huhesabiwa China. Ukihesabu kwa mnunuzi, mafanikio ya Uingereza yanapungua, ingawa hayafutiki. Tena, mwaka 1865 mchumi William Stanley Jevons alionya kuwa mashine zinazobana matumizi ya makaa huyafanya yawe nafuu, na watu wakayatumia zaidi. Onyo hilo bado lina uzito.

Kwetu Afrika Mashariki swali ni tofauti. Kumwambia mwanakijiji apunguze nishati ni kumwonea. Anahitaji nyingi zaidi, iliyo safi. Kenya inapata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka jotoardhi, maji, upepo na jua, na vituo vya jotoardhi vya Olkaria vimekuwa vikizalisha tangu 1981. Lakini kaya nyingi bado zinapika kwa kuni na mkaa, na wanaovuta moshi huo kila siku ni akina mama na watoto wao. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti hupotea kwenye tanuri kabla mkaa haujafika sokoni, na nyingine hupotea jikoni. Kinyume chake, jungu la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya yuniti moja ya umeme.