Pikapu ya Dizeli Ikitetemeka, Uliza Kwanza Inatetemeka Lini

Wakulima wa kando ya mto Tana hawahitaji kufundishwa dizeli ni nini. Katika skimu ya Bura, iliyoanza kupokea wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1980, maji ya mifereji yalivutwa kutoka mtoni kwa mashine za dizeli kule Nanighi, na mashine zilipoharibika kila mwenye shamba aliiona pamba yake ikinyauka. Siku hizi kuna dizeli nyingine inayowasumbua watu, nayo ni ile ya pikapu.

Vikundi vingi vimechanga fedha vikanunua pikapu moja, mara nyingi iliyokwisha kutumiwa na wengine, ili matikiti, vitunguu, ndizi na maembe yafike sokoni kabla hayajaharibika. Soko kubwa liko mbali. Kutoka Garissa mpaka Nairobi, kwa kupitia Mwingi na Thika, ni karibu kilomita 370, tena ni safari ya kupanda. Mji wa Garissa uko kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na Nairobi imepita mita 1600. Gari lenye shehena ya matikiti hupanda tofauti hiyo yote, na huanza safari katika joto letu mnalolijua.

Basi gari likianza kutetemeka watu huingiwa na hofu, na hofu huleta haraka. Mmoja husema gia zimekwisha. Fundi aliyelitazama kwa dakika tano husema leteni giaboksi nyingine. Mbuzi wanauzwa, giaboksi inanunuliwa, inafungwa, na gari linatetemeka vile vile. Maana mtetemeko unaosikika chini ya miguu ya dereva hausemi umetoka wapi. Klachi huweza kuuleta, na propela, na raba za injini, hata maji yaliyoingia katika dizeli. Kupima hakugharimu ila saa moja na mafuta kidogo, na yafaa kufanywa kabla ya kununua chochote.

Mimi ni karani, si fundi. Haya nimeyakusanya kwa mafundi wanaoaminika na katika vitabu vya magari, nikayapanga kwa namna ambayo dereva yeyote anaweza kuyafuata.

Chukueni daftari na mtafute lami

Mtu mmoja aendeshe na mwingine aandike. Aandike mwendo, gia, kama gari lina mzigo au ni tupu, kama injini ni baridi au imepata moto, na mguu wa dereva uko wapi wakati gari linapotetemeka. Msipime kwenye barabara ya udongo. Barabara zetu nyingi zina mikunjo kama ya bati la paa, na gari zima kabisa hutetemeka humo. Nimesikia madereva wakiilaumu barabara miezi mingi, na kumbe ni gari. Tafuteni lami iliyonyooka, isiyo na watu wala mifugo, na muanze.

Likitetemeka wakati wa kuondoka

Hapa ndipo penye maneno mengi, kwa hiyo tuende polepole.

Gari lenye klachi ya mguu likitetemeka wakati mguu unapoinuliwa, na likatulia mara mguu ukiisha kutoka kabisa, itazameni klachi na vitu vilivyo karibu nayo. Jaribuni kurudi nyuma polepole katika mwinuko mdogo, maana kwa kurudi nyuma ugonjwa huo huonekana zaidi. Sababu moja ni oili iliyovuja kupitia sili ya nyuma ya injini, au sili ya mbele ya giaboksi, ikadondokea kwenye sahani ya klachi. Sahani yenye oili hushika na kuachia, hushika na kuachia. Sababu ya pili ni flaiwili iliyoungua. Dereva aliyekwama katika udongo mweusi wa mashamba yetu baada ya mvua, au katika mchanga wa laga, hukanyaga mafuta huku klachi ikiwa nusu, mpaka harufu ya kuungua inajaa ndani ya gari. Chuma cha flaiwili hupata madoa magumu ya moto, na tangu siku hiyo klachi haishiki sawasawa. Ukifunga sahani mpya juu ya flaiwili yenye madoa hayo, umepoteza fedha zako.

Lakini kabla ya kuishusha giaboksi, fungueni boneti. Mtu mmoja asimame kando, kamwe asisimame mbele ya gari. Dereva akanyage breki kwa nguvu, atie gia ya kwanza, ainue klachi kidogo tu mpaka injini ielemewe, kisha aikanyage tena. Injini ikiruka na kuinama sana upande mmoja, raba zake zimekatika. Raba ni rahisi kuliko klachi, na klachi ni rahisi kuliko giaboksi.

Kuna gari jingine ambalo klachi yake ni nzima, lakini hutetemeka kwa nguvu tangu kuondoka mpaka kama kilomita 30 kwa saa, kisha likatulia. Hili ni la kwetu hasa. Wenye pikapu hupenda kuongeza vipande vya springi nyuma ili libebe matikiti mengi. Springi zikiongezwa, mkia wa gari hupanda juu, na propela inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu hukaa kwa pembe ambayo aliyelitengeneza gari hakuikusudia. Krosi hulazimika kupinda kupita kiasi, nazo hutetemesha gari zima. Alama yake ni kwamba gari likiwa tupu linatetemeka, na likipakiwa linatulia. Kukiwa kinyume, yaani linatulia likiwa tupu na kutetemeka likipakiwa, springi zimechoka au mzigo umezidi.

Pikapu nyingi ndefu zina propela ya vipande viwili, na katikati yake pana beringi iliyokaa ndani ya raba. Raba hiyo ikipasuka, propela hucheza kila gari linapoondoka. Zimeni injini, wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, kisha mtu aingie chini aishike propela kwa mikono miwili aizungushe huku na huku, aisukume juu na chini. Krosi isiyo na grisi hulia na kuacha unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake. Asiingie mtu yeyote chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Jambo dogo lakini kubwa: fundi akiishusha propela, achore kwanza alama ya rangi mahali kila kipande kilipoungana na kingine. Ikirudishwa bila kufuata alama hizo huweza kutetemeka kuliko mwanzo, na mwenye gari atadhani ameuziwa krosi mbovu.

Likitetemeka katika mwendo

Likianza, kwa mfano, kwenye kilomita 80 kwa saa, na likaanza kwenye mwendo huo huo kila siku kwa gia yoyote, toeni gia na kuliacha gari lijiendee mahali palipo salama. Mtetemeko ukiendelea, injini na klachi havina kosa. Tazameni matairi, rimu na propela. Hata tope lililokauka ndani ya rimu hutosha kutetemesha gari, na dawa yake ni maji na kijiti.

Ukikoma mara mnapotoa gia, mtetemeko unatokana na kuvuta mzigo. Hapo kumbukeni pia dizeli. Mafuta yaliyokaa katika madumu huingiwa na maji na mchanga, na injini inayokosa kuwaka katika silinda moja hutikisika kama gari lenye klachi mbovu. Mwageni maji yaliyo chini ya chujio la dizeli na mtazame hali ya chujio lenyewe, kisha mpime tena. Nozeli zije baadaye, maana ni ghali.

Na wenye gari la kuvuta magurudumu manne wasisahau jambo hili. Mkitoka mchangani na kuingia lami mkiwa bado mmefunga gia ya magurudumu manne, gari hukaza na kurukaruka kwenye kona. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali ule ule katika kona, na lami haiyaachi yateleze kama mchanga. Hapo hakuna kilichoharibika, ila kitaharibika msipofungua.

Gari la otomatiki

Pikapu za otomatiki zimezidi, na ugonjwa wake una namna yake. Katika gari hilo, mahali pa klachi pana bakuli la chuma lililojaa oili, ambalo mafundi huliita konvata. Injini huisukuma oili, na oili huizungusha giaboksi. Ndani yake mna klachi ndogo inayoshika gari likiisha kupata mwendo, ili mafuta yasipotee bure. Klachi hiyo ikichakaa, au oili ikichoka kwa joto, hushika na kuteleza mara nyingi katika sekunde moja. Dereva husikia kama amepita juu ya mikunjo ya murramu, naye yuko juu ya lami safi. Hutokea zaidi kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa, mguu ukiwa umegusa mafuta kidogo tu.

Kipimo chake ni chepesi. Wakati gari linatetemeka, dereva aendelee na mafuta vile vile, na kwa mguu wa kushoto aguse breki kidogo, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Katika magari mengi kitendo hicho huifungua klachi ile ndogo. Mtetemeko ukikatika papo hapo, mmeupata.

Sasa itazameni oili. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, imechoka. Mara nyingine kuibadilisha, hata mara mbili au tatu kwa kuendesha katikati, huondoa mtetemeko. Lakini iwe oili ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari hilo, si yoyote iliyo nyekundu dukani. Oili isiyofaa ni sababu mojawapo ya mtetemeko huu.

Oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Yametoka katika rejeta iliyopasuka kwa ndani, au gari limevuka mafuriko. Katika masika ya 2024, mafuriko ya Tana yalipokata barabara ya Garissa, magari mengi yalipita katika maji yaliyozidi ekseli. Giaboksi na difu zina mirija midogo ya kupumulia, na chuma chenye moto kikitumbukia ghafla katika maji baridi huvuta maji ndani kwa mirija hiyo. Maji hubandua gundi inayoshikilia mikanda ya klachi za ndani. Gari la namna hiyo lisiwashwe tena kujaribiwa. Livutwe mpaka gereji, oili yote imwagwe, na ya difu itazamwe siku hiyo hiyo.

Mkifika kwa fundi mpeni daftari, mkae naye mpaka alisome, na mwombeni apande gari nanyi mpaka kwenye lami. Akikataa kupanda na bado ataka giaboksi inunuliwe, mtafuteni mwingine. Sehemu yoyote atakayoitoa airudishe mikononi mwenu, sahani ya klachi, krosi au raba, nanyi mwandike kilomita za siku hiyo. Nipeli za grisi za propela, kwa magari yaliyo nazo, zitiwe grisi kila baada ya kuvuka maji, hata kama gari bado halijatetemeka.